Kengele ya Ngamia wa Mowlid

Mzee Adow alikuwa mkaidi, na watu wa soko la mifugo la Garissa walimpenda hivyo hivyo. Alichonga kengele za mti za kuvalisha ngamia, zile wanazoziita koor, na mteja akilalamikia bei alimjibu, "Basi mfunge ngamia wako sufuria." Kila kengele ilikuwa na sauti yake. Mwenyewe alijisifu kwamba ukimfunga macho ukazigonga zote alizochonga kwa miaka arobaini, angekutajia ngamia na mwenye ngamia. Watu walicheka, lakini hakuna aliyewahi kumshinda.

Ukaidi huo ulimuumiza mtu mmoja tu. Mwanawe Mowlid alitoka na ngamia kumi na tisa mwaka wa ukame mkubwa, kutafuta malisho ng'ambo ya Balambala, asirudi. Miaka minne ikapita. Mkewe Idman, aliyebaki nyumbani kwa Adow, hakuwa mke wala mjane: hakukaa eda, hakuolewa, hakulia kwa sauti hata siku moja. Kadhi alikuwa tayari kumfungua, ila alitaka kwanza neno la baba wa Mowlid kwamba mwanawe amekufa, na siku iliyowekwa ilikuwa Jumatatu.

"Siendi," alisema Adow. "Nikisema amekufa, nitakuwa nimemuua mimi."

Idman hakubishana naye, na wahenga wamesema kimya kingi kina mshindo mkuu. Jumamosi alasiri alimwomba tu amsindikize ukumbi wa vijana: kulikuwa na filamu juu ya ukame, na aliyeitengeneza, msichana wa kambi ya Ifo aitwaye Leyla, angekuwepo kujibu maswali ya watazamaji. Adow alikwenda akinung'unika kwamba ukame yeye aliuona bure, hakuhitaji kuonyeshwa.

Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, projekta ikawashwa. Likatokea silanga, bwawa la kunyweshea mifugo, limekauka, matope yake yamepasukapasuka. Hakuna mtu, hakuna mnyama, ni upepo tu. Halafu, mbali, nyuma ya upepo: ko. Kimya. Ko-kok.

Adow alimshika Idman mkono. Kengele ya ngamia kiongozi wa Mowlid aliichonga yeye. Mti ulipasuka kidogo, akalazimika kufupisha ulimi mmoja kati ya ndimi zake mbili za ndani zinazogonga. Hakukuwa na kengele nyingine duniani yenye kigugumizi kile.

Filamu ilipokwisha, Leyla alisimama mbele na kipaza sauti. Mwalimu mmoja aliuliza habari za kamera, mwingine akataka kujua kwa nini hakuna muziki. Adow aliinuka bila kungoja zamu.

"Hiyo kengele umetoa wabi?"

"Ile ya silangani, Adeer?" Leyla alimwita kwa heshima, kama ami yake, kisha akamtazama mwenzake Awil, aliyerekodi sauti za filamu. "Kusema kweli, hatukuona ngamia pale. Hata kengele yenyewe hatukuisikia. Awil aliikuta tu kwenye rekodi tuliporudi Ifo. Tukaona inafaa, tukaiacha."

"Lini?"

"Mwezi jana."

"Ni ya kijana yangu," Adow alisema. "Mimi nilichonga. Walaahi, ni ya Mowlid."

Ukumbi ulilipuka. Mwezi jana! Basi yu hai! Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakamkumbatia mzee, na Idman akajifunika uso kwa mtandio. Adow aliomba sauti irudiwe. Awil aliirudia mara tatu, na kila mara mzee alizidi kunywea kwenye kiti chake.

Kengele ikiwa shingoni mwa ngamia hufuata hatua zake. Hata akisimama kula, shingo ina mwendo. Hii haikuwa na mwendo wowote. Ililia, ikanyamaza, ikalia mara mbili, kama kitu kinachochezewa na upepo. Na mchungaji hamvui ngamia kiongozi kengele yake ila ngamia huyo awe amekufa.

"Haitembei," alimnong'oneza Idman. "Imetundikwa mahali." Alikuwa anaogopa, na hakujaribu kuficha.

Jumapili asubuhi walikodi gari, Leyla na Awil wakiwaelekeza njia. Waliikuta kengele kwenye mgunga upande wa pili wa silanga, ambako Leyla na Awil hawakufika walipopiga filamu, imetundikwa pale mkono wa mtu unapofika. Chini yake kulikuwa na mifupa ya ngamia. Pembeni, ndani ya kikoi cha kijani ambacho Idman mwenyewe alikishona upindo, kulikuwa na mifupa mingine, imelala kwa ubavu wa kulia kuelekea kibla. Idman alilia hapo hapo kwa sauti, kilio cha miaka minne, na Adow hakumnyamazisha. Wakamswalia, wakamzika chini ya mgunga.

Upepo ulivuma muda wote huo, lakini kengele haikulia. Awil ndiye aliyeliona jambo hilo kwanza. Aliitingisha: kimya. Akaitingisha tena kwa nguvu zaidi, kisha akampa Adow.

Mzee aliigeuza mdomo juu. Ilikuwa imejazwa nyasi, kama wachungaji wafanyavyo wakipita penye wezi wa mifugo, ngamia wasisikike. Nyasi zenyewe zilikuwa za miaka, zimeshikana na udongo wa mchwa, ngumu kama tofali, na ndimi zote mbili zimekwama ndani. Adow alichokoa kwa kisu. Hata unyasi mmoja haukutoka.

"Awil," Leyla alisema, "ile rekodi..."

"Usiniulize."

Walirudi kwenye gari, na hakuna aliyegeuka nyuma.

Jumatatu Adow alifika mahakamani kabla ya kadhi. Karani alianza kujaza fomu: jina la marehemu, jina la baba, jina la mke. Kisha akauliza ni nani aliyeleta habari za kifo.

"Mowlid Adow."

"Mzee, huyo ndiye marehemu. Nauliza aliyewaambia."

"Nimesikia swali lako," Adow alisema. "Andika huyo huyo."