Simu Iliyozunguka Shamba la Ronald

Matayo alimwona kwanza kwa nyuma. Ritah, binti wa marehemu mdogo wake Ronald, alikuwa akitembea kando ya shamba, polepole, bila jembe wala ndoo, simu ameinyoosha mbele ya kifua kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye kigae. Kila alipofika penye mti wa mpaka alisimama, akagusa kioo kwa kidole, akageuka, akaendelea. Umande ulikuwa haujakauka. Mbwa wa Matayo aliinua kichwa, akamtambua mtoto wa nyumbani, akakilaza tena. Bwana wake hakuweza kufanya vivyo hivyo.

Katika kijiji cha Dabani mtu hazunguki mpaka peke yake. Mpaka huzungukwa baba anapowagawia wanawe, au ardhi inapouzwa, na hapo majirani huitwa, wakubwa wa ukoo huitwa, mwenyekiti wa kijiji huja na kofia yake, na kona zote zikiisha kuonekana watu huchinjiwa kuku, wakala hapo hapo, ili kila aliyekula awe shahidi. Mtoto wa kike hatembei mstari huo kabisa. Kwa hiyo Matayo, kamba ya ng'ombe mkononi, aliona mambo mawili tu yanayowezekana: ama Ritah amechanganyikiwa huko chuoni Tororo, ama shamba la Ronald limeshapata mnunuzi.

Kushuku ndiko kulikomlisha maisha yake yote. Ujana aliumaliza juu ya baiskeli pale Busia, akibeba watu na mizigo kutoka geti la Uganda hadi geti la Kenya, siku zile kiti cha nyuma kilipokuwa sponji iliyofungwa kwa mpira wa tairi. Safari ilikuwa fupi, lakini mtu hujifunza mengi akiwa amempa abiria mgongo. Alimjua mwanamke mwenye mimba ya sukari ya magendo kwa jinsi tairi lilivyokaa. Alijua kwamba mwanamume anayecheka sana karibu na geti ana kitu kiunoni. Wenzake waliomwamini kila aliyepanda walinyang'anywa baiskeli pamoja na mzigo. Yake haikuguswa. Pikipiki zilipojaa mjini alirudi Dabani kulima, akajikuta hawezi tena kumtazama mtu bila kukisia amebeba nini.

Ronald alipokufa aliacha mke, Nasirumbi, na mtoto huyo mmoja. Ukoo ulimwambia Matayo, kaka mtu, alitazame shamba. Hakuna aliyeeleza kutazama maana yake nini. Naye alilitazama kweli kweli, asubuhi na jioni, mvua na jua.

Alifika uani kwa Nasirumbi chai ikiwa bado jikoni.

"Mulembe, mama Ritah."

"Mulembe, shemeji. Kiti hicho."

"Sikai. Huyu alikuwa anatafuta nini kule mpakani?"

"Nilikuwa napima shamba, baba mkubwa," Ritah alijibu, akifuta kioo cha simu kwa upindo wa sketi. "Ni kazi ya chuo. Kila mwanafunzi apime shamba la kwao, alichore, aandike panapandwa nini."

"Unapima na kamba gani?"

"Simu inapima. Nikitembea, inafuata."

"Kumbe siku hizi simu ndiyo mwenyekiti."

Nasirumbi alicheka kidogo puani. Matayo hakucheka.

Ritah alimsogezea simu. Alikuwa anasomea kilimo, na simu hiyo kuukuu, yenye ufa kutoka kona hadi kona, ndiyo ilikuwa maktaba yake na saa yake na nusu ya walimu wake. Alimwonyesha programu inayopiga picha kurasa za kitabu cha kuazima na kuzitoa safi kama zimechapwa upya. Alimwonyesha ile inayohifadhi sauti ya mwalimu kwa ajili ya siku usingizi umemshinda darasani, na nyingine inayomuuliza maswali kabla ya mtihani, na nyingine ya kutambua magonjwa ya mimea, unaipa picha ya jani tu. Alidhani mtu akionyeshwa vyote hataogopa kimoja.

"Mwalimu anajua umeikamata sauti yake?"

"Anajua, baba."

"Na yangu, sasa hivi?"

"Haijawashwa."

"Nitajuaje?"

Ritah akafungua haraka programu ya kupimia. Matayo aliinama. Aliona paa la Nasirumbi, dogo kama kifuniko cha kopo. Aliona paa lake mwenyewe, na zizi, na choo chake nyuma ya migomba, vyote vimelala chali kama watu waliovuliwa nguo wakiwa usingizini.

"Nani alipanda juu?"

"Ni picha za setilaiti, baba. Inapita angani."

"Ilipita lini?"

"Sijui."

"Ilipita ikaona choo changu, na wewe hujui lini."

Katikati ya picha palikuwa na umbo la kijani, na juu ya umbo hilo maneno. Matayo aliyasoma kwa kuyatamka moja moja: Shamba la Ritah.

Matayo aliinua macho.

"Nani kaandika?"

"Mimi. Haikubali kuhifadhi bila jina, na mwalimu alisema kila mmoja aweke lake ili kazi zisichanganyike."

Simu ilitetemeka mkononi mwa Ritah. Ujumbe ulishuka toka juu ya kioo: Karibu Kenya.

"Na huyu anayekukaribisha Kenya ni nani?"

"Mtandao tu, baba. Simu za huku zote zinashika minara ya ng'ambo."

Matayo alilijua hilo. Simu yake ndogo ya vitufe nayo hukaribishwa Kenya akiwa amelala kitandani. Lakini jambo ulilolizoea huweza kugeuka sura asubuhi moja, likakutazama kama mgeni. Mtoto wa kike amezunguka mpaka, jina lake limekaa juu ya ardhi, na mtu wa ng'ambo anamwita. Kama angekuwa abiria, Matayo angemshusha kabla ya geti.

"Jembe lisiingie pale," alisema, "mpaka ukoo ukae."

Alipoondoka, Nasirumbi alibaki amesimama na kikombe. Udongo alikuwa ameshaulainisha. Mbegu za mahindi na maharage zilikuwa ndani, zimechaguliwa, na mawingu yalianza kujikusanya kila alasiri upande wa Buteba. Mvua ya kwanza ikimpita, nyumba yake ingekosa chakula mpaka msimu mwingine. Na kulikuwa na jambo baya zaidi ya njaa, ambalo kila mjane wa pale analijua bila kuambiwa: shamba lililolala msimu mzima huanza kuitwa shamba lisilo na mtu.

"Anajifanya anaogopa tunauza shamba," alimwambia Ritah kwa sauti ya chini. "Mnunuzi hayupo. Anayelitaka ni yeye."

"Mama, ni baba mkubwa."

"Ndiyo. Kwani ningemshuku mtu wa mbali kwa nini?"

Siku zile za kungoja, nyumba mbili zilizotenganishwa na uzio wa miti michache ziliishi kama vituo viwili vya mpakani. Nasirumbi alifunga mlango wa jiko alipopika. Matayo alihamisha ng'ombe, akawafunga mahali pa kuonea njia.

Ndipo akaja kijana kwa pikipiki. Matayo alimkuta akiizima kwenye kijia.

"Wewe ndiye mnunuzi?"

"Mnunuzi wa nini, mzee?"

"Jina?"

"Owor. Natoka Merikit. Nasoma na Ritah, nimemletea chaja aliyoisahau."

"Merikit yote hiyo, chaja."

Kijana alitoa tabasamu, akaona halirudishwi, akaliondoa. Matayo alimzunguka, akalitazama tairi la nyuma.

"Na wewe umepima kwenu?"

"Nimepima. Baba alikataa nitembee peke yangu. Alisema majirani watanipiga. Akaishika simu mwenyewe, mimi nyuma."

"Mkaandika jina gani?"

"Langu."

"Na baba yako akanyamaza?"

"Baba hasomi, mzee."

Matayo alimtazama muda mrefu kiasi kwamba Owor alianza kukagua vifungo vya shati lake. Kisha mzee akakata jani la muhogo lililokuwa karibu, lenye mabaka ya manjano, akamkabidhi. "Nasikia mnaongea na majani."

Owor alilipiga picha, wakangoja. "Inasema lina batobato, ugonjwa wa muhogo."

"Hata mbuzi wangu anajua. Nani ameileta?"

"Hilo haisemi."

"Basi haijui kitu," Matayo alisema, akampisha njia.

Ukoo ulikaa Jumapili baada ya kanisa, uani kwa Arnold, ambaye ndiye mkubwa wao na ndiye husema mwisho. Anga lilikuwa limeshuka, zito, rangi ya chungu. Matayo alisema vizuri, bila kupandisha sauti: alichokiona, wapi msichana alisimama, jina lililoandikwa, picha iliyotoka juu. Wanaume walitikisa vichwa. Mmoja aliuliza kama mstari huo ukishaingia kwenye simu unaweza kutoka. Hakuna aliyejua, na kutojua kwao kulikaa katikati ya kikao kama mtu wa ziada.

Nasirumbi aliomba ruhusa.

"Nataka kuuliza. Kosa ni mpaka kuzungukwa, au ni kuzungukwa na msichana?"

"Na msichana," Arnold alisema. "Peke yake. Watu hawajui."

"Leo watu mpo. Ritah afute ile ya kwanza mbele ya macho yenu. Kisha shemeji aishike simu, azunguke yeye. Mipaka anaijua kuliko sisi sote. Atakapopita, hapo ndipo shamba la Ronald." Alimgeukia Matayo. "Hata huko Merikit, kwa kina Owor, baba mtu ndiye aliyeishika."

Mtu mmoja nyuma alisema, "Matayo, angalia, hiyo haina breki," na watu wakacheka.

Matayo alihisi uzito aliopakiwa. Akikataa, kila mtu angejua analitaka shamba lilale. Akikubali, macho yote ya ukoo yangekuwa miguuni pake. Mwanamke huyu, aliwaza, angevuka geti na gunia zima la sukari na asishikwe.

"Lete," alisema.

Ritah alifuta umbo la kijani huku Arnold akichungulia begani pake. Matayo aliipokea simu kwa mikono miwili. Wakashuka wote nyuma yake, katika nguo zao za kanisani.

Kona za juu zilikuwa rahisi, miti ya mpaka ilisimama wazi na kila mtu aliijua. Aligusa kila shina kwa kiganja kabla ya kugusa kioo kwa kidole. Upande wa chini, penye kinamasi, hapakuwa na mti. Ulioza mwaka Ronald alipolala ndani mgonjwa, na mwaka huo huo Matayo alipanda miwa kando ya mpaka, upande wake. Muwa hauulizi ruhusa. Kila msimu machipukizi yalisogea hatua, na kijia cha miguu ya Matayo kikasogea nayo, hadi kikawa kinapita upande wa pili kabisa, ndani ya ardhi ya mdogo wake, kimesawazika na kung'aa kana kwamba kimekuwa hapo tangu enzi za babu. Hakuna aliyewahi kulitaja. Nasirumbi mwenyewe hakuwahi.

Matayo alisimama mwanzo wa kijia. Simu ingefuata popote ambapo angekwenda. Alisikia pumzi za watu nyuma. Nasirumbi hakuwa anaitazama simu, alikuwa anatazama viatu vya shemeji yake. Na Matayo, ambaye hakuwahi kuamini kitu asichoweza kukipindua na kuona chini yake, alikitazama kile kioo chenye ufa asijue kinajua nini tayari, wala kimeambiwa na nani, wala lini kitasema.

Akaiacha njia, akaingia ndani ya miwa.

Majani yalimkata usoni na mikononi. Waliobaki nje waliona vilele vikitikisika tu, kisha vikatulia, kisha vikatikisika mbali zaidi kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Alitokea upande wake wa nyumbani, kofia haipo, damu nyembamba kwenye kiwiko.

"Hapa," alisema. Akagusa kioo.

Arnold alikohoa. "Na hii miwa?"

"Aliyeipanda avune," Nasirumbi alisema. "Ikichipua tena, si yake."

Walimaliza kona zilizobaki, na simu ilipodai jina Ritah alimtazama mzee, naye akatamka la mdogo wake, herufi moja moja, kama anayemfundisha kuandika. Kuku alichinjwa kwa Arnold na wote wakala, Matayo pia, ingawa alikaa akiegemea ukuta ili pasiwe na mtu nyuma yake.

Jumatatu mapema Nasirumbi alikuwa shambani, ameinama, akidondosha mbegu na kuzifukia kwa unyayo. Tone la kwanza kubwa lilikuwa limeshaanguka. Matayo alikuwa kwenye miwa na panga. Ritah alipita na begi lake, akienda Tororo.

"Ngoja. Ile picha yetu ya shamba, huko nani ataiona?"

"Mwalimu, baba."

"Na nyuma ya mwalimu?"

Ritah alifungua mdomo kusema hakuna. Aliitazama simu mkononi, kile kioo cheusi kilichomrudishia uso wake uliopasuka vipande viwili. Mwalimu hakuwahi kuwaambia. Yeye hakuwahi kuuliza.

"Sijui, baba."

"Mh," Matayo alisema. Katika yote aliyoambiwa kuhusu simu ile, hilo peke yake alilisadiki. Akaendelea kukata, akiwa ameelekea barabarani, ambako gari la Tororo lilikuwa limeanza kupiga honi, naye Nasirumbi huko shambani, bila kuinua kichwa, alikuwa akimwita binti yake asiachwe.