Nilimwambia Aje Peke Yake Kumposa Mdogo Wangu

Kosa ni langu, nalisema mapema msije mkanitafutia udhuru. Mdogo wangu Nasra alikuwa aolewe na mtu wa dini na adabu zake, na mimi, dada yake wa tumbo moja, nikaivuruga posa yake kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jina langu msiniulize. Dubai ni kubwa kwa majengo, lakini sisi watu wa Mombasa huku twajuana hadi sauti za viatu. Nikitaja duka ninalouzia abaya pale Deira, kesho watajaa mlangoni, na hakuna atakayenunua kitu.

Mimi na Nasra tumezaliwa wawili tu. Mama alitangulia, baba akamfuata. Nilipopata miguu ya kusimama huku nikamleta, nikahangaika naye hadi akapata kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, tukapanga chumba Al Twar. Nikiumwa ndiye anayenikorogea uji. Yaani huyo ndiye mtu wangu, sina mwingine.

Kwenye kliniki hiyo akatokea Dani. Mmarekani, mzungu kabisa, fundi wa ndege, na alikuwa amesilimu miaka mingi kabla hajamjua Nasra. Alikuja na jino bovu, likang'olewa, naye akaendelea kuja. Nasra akaniambia, nikamwambia aje dukani nimwone. Akaja, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, dada," kwa lafudhi ya kuchekesha. Nikaitikia marahaba huku moyo umeshakubali.

Mambo yakaenda vizuri. Kwa kuwa baba hayupo, Ami Salim, binamu wa marehemu baba, anayekaa Rashidiya, ndiye anayesimama badala yake. Ami akasema kijana alete posa siku ya Ijumaa baada ya alasiri. Dani akafurahi, akaniambia mama yake na mjomba wake watakuja kutoka Amerika kwa ajili ya siku hiyo.

Hapo ndipo ibilisi aliponipata jamani!

Mniwie radhi nirudi nyuma kidogo. Nilipofika Dubai mara ya kwanza nilifanya kazi ya ndani kwa madam mmoja wa Kimarekani. Ile nyumba kila mtu alikula saa yake, sahani yake, simu yake mkononi. Kijana wao alipotimiza umri wa kujitegemea, sir alimwambia atafute pake pa kukaa, na kodi alipe mwenyewe. Madam alipofiwa na shangazi yake alilia chumbani kidogo, akatoka, akaniuliza kama nguo zimepigwa pasi. Nikajiambia, basi wazungu wa Amerika ndivyo walivyo. Hawana ukoo, hawana mila, kila mtu na lake. Niliona nyumba moja, nikafunga hesabu ya nchi nzima.

Cha ajabu, mimi mwenyewe nikifanyiwa hivyo nachemka. Siku haipiti dukani bila mteja kuniambia "nyinyi Waafrika" mnapenda hiki, "nyinyi Waafrika" hamli kile, na anayemkusudia ni mtu wa nchi ambayo mimi sijawahi hata kuiona kwenye ramani. Huwa nanuna hadi jioni. Lakini kumfanyia mwenzangu yaleyale sikuona ubaya.

Tena nilipata nafasi ya kujua. Siku moja tulikaa na Dani nje ya duka tukinywa chai ya karak, nikamuuliza, nyinyi wazungu wa Amerika mila yenu hasa ni ipi? Akaweka kikombe chini.

"Mila ya wazungu wote?" akasema. "Hiyo, dada, sina. Hata sijui kama ipo. Mtu wa mjini kule na mama yangu wakikaa meza moja hawaelewani. Lakini ukiniuliza ya kwetu, kule milimani kwa mama..."

Akaingia mteja wa jumla. Nikamwambia Dani yalla, tutaongea, nikanyanyuka. Nikaondoka na nusu ya jibu, ile nusu iliyonifaa. Kumbe! Amekiri mwenyewe kwamba hana mila.

Basi mama na mjomba wakatua Alhamisi, wakafikia hoteli moja hukuhuku Deira. Nami nikaanza kuwaona akilini. Nikamwona mama wa kizungu kaingia kwa Ami mikono wazi. Nikamwona mjomba kavaa kaptura, kanyoosha miguu mbele ya wazee. Nikawasikia wanawake wa Rashidiya wakinicheka mwezi mzima. Niseme ukweli, Nasra hakuwamo kabisa kwenye mawazo hayo. Nilikuwa najionea haya mimi.

Nikampigia Dani. Nikamwambia kwetu mwanamume huja peke yake mara ya kwanza, kwa hivyo wakubwa wake wapumzike tu hotelini. Uongo mtupu! Kwetu hata mtu aliyekosana na ndugu zake wote huazima wazee wa mtaa waende naye.

Akasema, "Dada, mama amekuja kwa ajili ya siku hii tu."

"Ndiyo mila yetu," nikamjibu.

Akasema kama ni mila, ataiheshimu. Nasra nikamwambia mama mkwe amevimba miguu kwa safari, ameomba apumzike, na kwamba si adabu kumpigia mchumba simu kabla posa haijapita. Akanisikiliza. Ameniamini tangu utoto, kwa nini asinisikilize?

Ijumaa ikafika. Kwa Ami wazee wamekaa, halua ipo, kahawa ipo, Nasra yuko chumba cha ndani na mke wa Ami. Dani akaingia, kanzu imenyooka, amebeba sinia la zawadi. Akasalimia mmoja mmoja, akakaa. Ami akawa anatazama mlango.

"Wenzako wanaegesha gari?" akamuuliza.

"Nimekuja peke yangu, mzee."

Ami akamuuliza kama mama yake yu hai. Yu hai. Wajomba anao? Anao. Basi mbona hukuja nao?

Mimi nilikuwa nimesimama pale kwenye pazia na birika la kahawa. Dani aliinua macho akanitazama, mara moja tu. Alikuwa ananingojea niseme neno. Nami nikainamia vikombe kama sijawahi kuona vikombe maishani.

"Nilielewa vibaya, mzee," akasema. "Kosa ni langu."

Alinisitiri! Mtu ambaye mimi nilimwona hana mila alinisitiri mbele ya watu wangu, nami nikakubali kusitiriwa.

Ami si mtu wa kupandisha sauti. Alimwambia taratibu, "Siku utakayokosana na binti yetu, sisi tumwendee nani?" Jibu la Dani lingenitaja mimi. Akanywa kahawa yake, akaaga, akaenda zake. Wazee wakasema binti hatolewi kwa mtu asiye na watu. Mmoja akaongeza kwamba wazungu ndivyo walivyo, na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa. Chumba cha ndani Nasra alikuwa analia, namsikia.

Kesho yake nikaenda ile hoteli kabla ya kufungua duka. Nilitaka nimpe yule mama maneno mawili matamu, aondoke zake na mambo yaishe. Nikabisha. Akafungua mama mfupi, gauni limefika kwenye vifundo vya miguu, mtandio amejifunga, ule mfundo wa mtu anayejifunza. Mjomba mtu alinyanyuka na kuvua kofia, na hakukaa hadi nilipokaa mimi.

Mezani kulikuwa na keki. Si keki ya krimu. Ni tabaka juu ya tabaka, nyembambanyembamba kama chapati zilizopangwa, katikati jamu nyeusi ya matufaha yaliyokaushwa. Nikauliza ni nini, kwa kutafuta la kusema.

Yule mama akanieleza. Kule milimani kwao watu walikuwa maskini, wanaume wachimba makaa, hakuna nyumba iliyoweza kuoka keki ya harusi peke yake. Basi kila nyumba ya ukoo na jirani huoka tabaka moja, siku ya siku zinapangwa pamoja. Ukiitazama keki kwa ubavu unajua kijana ana watu wangapi nyuma yake. Hizi za Dani walizioka dada zake, shangazi zake na jirani wa zamani aliyemlea, na wote yeye mama aliwaonya siagi tu, mafuta ya nguruwe hata tone lisiguse. Alizipakata kwenye ndege mapajani njia nzima, jamu akaipaka hapohapo chumbani.

"Nilijua wazee watamuuliza ana nani," akasema. "Nikasema nitawatajia tabaka moja moja, kutoka juu hadi chini."

Halafu akanishika mkono. "Wewe ni dada mtu, niambie kweli. Nimekosea nini hata hawakutaka kuniona?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya kusema. Nikarudia ileile, ndiyo mila yetu tu, mama. Akaitikia polepole. Akaifunga keki kwa kitambaa safi, akanipakatisha, akasema basi niwapelekee wazee, hawezi kurudi nayo kwa waliooka.

Nimpelekee Ami? Si ndipo angeniuliza imetoka kwa nani, na huyo aliyeileta alikuwa wapi jana! Nikaenda nayo nyumbani, nikaisukuma ndani ya friza nyuma ya mifuko ya sambusa. Tangu hapo raha ikanihama. Nikiwa dukani naiwaza, nikirudi naifungulia mlango niione kama ipo, nafunga. Nasra akipita karibu na jikoni nawahi kusimama mbele ya friza. Na yeye maskini hakuwa na muda wa jikoni, alikuwa anakonda tu, simu kwa Dani hapigi kwa kuwa wazee wameshakataa, nami nambembeleza ati atampata mwingine wa kwetu.

Siku Nasra alipotafuta sambusa awapikie wenzake wa kazini, akaiona. Nilimkuta ameketi sakafuni, kitambaa kiko wazi mapajani.

"Dada, umeipata wapi keki ya mama yake Dani?"

Kumbe Dani alikuwa amemhadithia zamani ile keki, nani ataoka, jamu itakuwa ya nini. Alikuwa ameshamwambia yale yote ambayo mimi sikungoja kuyasikia. Nikamweleza kila kitu. Hakunipigia kelele, heri angenipigia. Alimpigia Dani mbele yangu, akaweka sauti nje.

Mama yake alikuwa ameshaondoka. Dani alisema hana kinyongo, lakini mama kasema kwao mtu hamwozi mwanawe kwenye nyumba ambayo mama amewekwa nje ya mlango, na yeye hawezi kuoa bila radhi ya mama yake. Mwanamume mwenye ndevu zake! Fundi wa ndege! Na mimi ndiye niliyesema wazungu hawana ukoo, kila mtu na lake.

Nasra alikusanya nguo zake, akahamia Qusais kwa wenzake wa kliniki. Neno la mwisho aliloniambia ni nisimtafute.

Nikaibeba keki hadi Rashidiya, nikamweleza Ami yote, sikubakisha hata moja. Aliitazama ile keki kwa ubavu, akawa anahesabu matabaka kwa kidole.

"Kumbe kijana alikuja na ukoo mzima," akasema, "wewe ukauficha kwenye friza."

Ndiye aliyepata namba ya yule mama kwa Dani. Akapiga, akanipa simu, akakaa karibu anisikie. Nilimwomba radhi kwa kila neno la Kiingereza ninalolijua, na mengine nikayalia. Yule mama akanisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusikia," akasema. "Lakini kwetu jambo zito hivi mtu haji kuomba peke yake. Nipigie tena ukiwa umekaa na mdogo wako kando yako. Hapo tutaongea, na ya watoto tutaongea."

Ami yuko tayari. Mkewe yuko tayari. Anayetakiwa ni Nasra, na Nasra ndiye hapokei simu yangu. Namwandikia, anasoma, kimya. Juzi niliacha duka nikasimama nje ya kliniki, akatoka, akanipita kama anavyowapita watu wengine.

Wewe unayesoma, kama kuna mgeni anagonga mlango wenu, usimpe mila wala usimnyang'anye kwa sababu ya nyumba moja uliyowahi kufanyia kazi. Muulize ya kwao, kisha ukae. Mteja angoje, chai ipoe, mwache amalize. Na ukishakosea, sema palepale macho ya mtu yanapokutazama, kwa sababu mimi nilipewa nafasi mbili na zote nikaziinamia.

Nasra, ukifika hapa utanijua ni mimi. Namba ya mama yake Dani ninayo, ameniambia nimpigie. Nakaa nayo kitandani hapa Al Twar, upande wako nimeuacha wazi. Siwezi kupiga. Niko peke yangu, kama nilivyomwambia Dani aje.