Bakuli la Bi Mize

Ami yangu wa Malindi, hapa Unguja, alisema mbele ya watu kwamba cheti changu kitafungiwa karanga. Majirani zetu wa Mtoni walisema mtoto wa mjane, aliyezoea kutengeneza feni za watu kwa bisibisi ya kuazima, hatoweza kukaa bara miaka mitatu akamaliza chuo. Nilikaa, nikamaliza, nikarudi. Stashahada ya majokofu na viyoyozi nimeitundika ukutani, na kila apitaye ana ruhusa ya kuisoma. Siyasemi haya kwa kujisifu tu, ingawa haki ninayo. Nayasema ujue kwamba anayekusimulia ni mtu wa vipimo, hasadiki kitu mpaka mshale uoneshe. Basi nisadiki nikikwambia kwamba Ijumaa moja, saa saba mchana, jua likiwa utosini, nilizungumza na maiti ufukweni Uroa.

Lakini hakuna kilichoanzia Uroa. Kilianzia chuoni, kwa halua. Mama aliniletea kopo zima, nikampa nusu kijana niliyekaa naye chumba kimoja. Alishukuru sana. Niliporudi kutoka kuoga nikaikuta ndoo ya taka, halua imo, hata karatasi hakuifungua. Nilipomuuliza akasema, "Usinielewe vibaya, kaka. Nyinyi watu wa Zanzibar mtu anakula chenu leo, kesho anaamka ana jini." Nilimcheka kwa ujinga wake. Usiku nililia, na hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Niliporudi Unguja nikapata chumba cha chini katika moja ya yale majengo marefu ya Michenzani, nikakifanya karakana. Sikuwa na kitu. Ngazi ya alumini niliazima kwa ami, yule yule wa karanga. Pampu ya kunyonya hewa niliazima kwa fundi mwenzangu wa Bububu. Na juu yangu, ghorofa ya kwanza, alikaa Bi Mize, mjane wa Kipemba, kibibi chembamba chenye sauti ya chini. Wiki ya kwanza tu aliteremka na bakuli la maua lililobanduka rangi ukingoni, limefunikwa kawa. Ndani mlikuwa na mikate ya mofa na samaki wa kuchoma.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, fundi. Ushakula?"

"Nshakula, lakini Mungu akubariki."

Alipopanda juu, Shebe kinyozi, mwenye duka ubavuni mwangu, akatoa kichwa nje. "We fundi unapokea tu. Mpemba akikulisha mara saba ushakuwa wake. Usiku anakutuma ukamlimie mihogo Pemba, asubuhi unaamka hapa hapa, kucha zimejaa udongo."

"Mbona wewe hakulishi?"

"Mimi nina kipara. Atachukua nywele gani?"

Tulicheka. Lakini jioni ile, nifiche nini, nilizitazama kucha zangu. Mikate nikawapa paka.

Akaleta tena, na tena. Kila aliyekaa kwenye baraza ya Shebe alikuwa na lake. Wapemba wachawi. Wapemba mabahili, hawakupi hata maji ya kunawa. Wapemba wanapendana wenyewe kwa wenyewe. Mtu yule yule aliyesema ni mabahili ndiye aliyenionya nisile wanachonipa, na mimi na stashahada yangu hilo sikuliona. Paka wa jengo letu wakanenepa. Nami nikawa naliosha bakuli na kulirudisha kwa mwenyewe likiwa tupu. Wewe uliyelelewa kwetu unajua maana yake. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, japo utie ndimu mbili. Mama angejua angenizaba kofi na umri wangu huu. Lakini niliogopa kwamba nikitia changu nitakuwa nimejifunga kwake. Siku moja Bi Mize alilipokea, akatazama ndani, akapitisha kidole.

"Limekauka vizuri," alisema, akapanda ngazi.

Ndipo nikapata kazi ya hoteli Uroa, viyoyozi kumi na viwili. Meneja hakuzunguka. Wageni wanaingia Jumamosi. Ikifika magharibi ya Ijumaa na chumba kimoja hakijapoa, kazi inakwenda kwa mafundi wengine, na jina langu litasemwa hoteli zote za mashariki. Ami naye alikuwa akisubiri, kopo la karanga mkononi. Alhamisi asubuhi nikipakia vyombo, Bi Mize akaja na bakuli. Sikumtazama hata usoni. Nililiweka juu ya rafu lilivyo na kawa lake, nikafunga mlango, nikaenda zangu.

Ijumaa adhuhuri vilibaki viwili. Watu wote wakaenda msikitini, akabaki mlinzi langoni. Mimi nikabaki, Mungu anisamehe, nikasema nitaswali nikimaliza. Nilizima swichi kubwa kwa mkono wangu, nikapanda ngazi nyuma ya chumba cha mwisho, nikaanza kuunga nyaya.

"Fundi."

Sikuitika. Nilijua kuna wanaokuita ili wakupotezee wakati.

"Fundi wee."

Nikaendelea kuunga. Mara ya tatu sauti ilitoka chini kabisa ya ngazi, ya upole, kama mtu anayeogopa kukusumbua. Malezi yakanishinda. "Naam," nikasema, nikateremka.

Bi Mize alisimama juani na buibui lake la kila siku, bakuli limefunikwa kawa mikononi. Nilidhani kaja kwa jamaa zake. Mtu huwazi jambo jingine mchana kweupe.

"Shikamoo, Bi Mize. Umefikaje huku?"

"Marahaba. Ushakula?"

Sijui kwa nini siku ile ulimi ulikataa uongo. "Bado," nikasema.

Akaninyooshea bakuli. Nililipokea kwa viganja viwili, nalo lilikuwa moto kama limetoka jikoni sasa hivi. Nikaondoa kawa. Ndani hamkuwa na kitu, peupe, pakavu.

"Limekauka vizuri," akasema.

Jenereta ikanguruma. Mlinzi, asiyejua kuwa kuna mtu anaunga nyaya, aliona umeme hakuna na maji hayapandi, akaiwasha. Mimi nilizima umeme wa nguzo, nikaisahau jenereta, kosa ambalo mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hulifanya akafelishwa. Nyaya nilizoziachia zikaangukia ngazi ya ami, zikatema cheche mpaka rangi ya ukuta ikaungua. Nilipogeuka, Bi Mize hayupo. Bakuli halipo. Mchanga wa pale ulifagiliwa asubuhi, na nyayo zilikuwa zangu peke yangu. Lakini viganja vyangu vilikuwa vimeungua, kila kimoja upinde mmoja, ukiviunganisha unapata duara la bakuli. Utasema ni umeme. Nilikuwa chini, hatua tano kutoka kwenye ngazi.

Nilimaliza kazi magharibi, mikono imefungwa vitambaa. Nikampigia Shebe nimuulize habari za Bi Mize, akanitangulia. "Fundi, Bi Mize katutoka alfajiri. Tumemsalia baada ya Ijumaa."

Niliuliza, mlimsalia saa ngapi hasa?

"Saa saba na kitu," akasema. "Kwani vipi?"

Jumamosi nilifungua karakana. Bakuli lilikuwa kwenye rafu, kawa juu. Mikate ilikuwa migumu kama kigae. Nilikaa chini nikaila yote, kipande baada ya kipande, na paka wakinitazama mlangoni.

Baadaye nilifunga karakana siku mbili. Ngazi nilimpelekea ami, mpya, maana ile iliungua. Aliigeuza geuza, hakutaja karanga. Pampu ikarudi Bububu. Kisha nikapanda meli kwenda Pemba, bakuli mapajani, nimelijaza halua aliyoipika mama.

Binti yake Bi Mize alinipokea kijijini kwao. Kabla sijakaa akaniuliza, "Ushakula?" Nikamweleza kila kitu, nikamwonesha viganja. Hakushangaa.

"Mama alikuwa akiwaona paka kutoka dirishani wakila mikate yake," alisema. "Akisema na wao wana tumbo."

"Sasa mbona hakuacha kuleta?"

"Nlimuuliza. Akanambia, iko siku fundi atakuwa na njaa."

Mpaka leo, Ijumaa ikifika saa saba, makovu haya hupata moto, nami huacha nilichoshika nikaenda msikitini. Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukiambiwa watu wa ng'ambo ile wako hivi na hivi, muulize anayekwambia kama amewahi kula kwao. Na jirani akikuletea chombo, kula, kisha ukirudishe na kitu ndani. Usingoje akufuate kukidai.

Yule binti alilipokea bakuli, akaondoa kawa, akamega halua kwa vidole akaitia mdomoni, wala hakuuliza imepikwa na nani. Siku hiyo ndipo nilipomaliza kumrudishia kila aliyeniazima.