Sombe ya Kunipima

Ilianza siku ya Jumapili, saa saba na nusu mchana, tumetoka tu kanisani na samaki yuko mezani. Mdomo wangu wa chini ulianza kuwasha kama mtu ameupaka pilipili. Nikaufuta, ukazidi. Nilipoinuka kwenda kujitazama kwenye kioo, mdomo ulifika kabla yangu.

Kabla ya saa ile sikuwa mtu wa kuandikiwa habari. Naitwa Nadège, nina miaka kumi na sita, ninasoma sekondari, na mwalimu akiniuliza kitu ninajibu nikiangalia meza. Tunakaa Kapata, kwenye nyumba ambayo babu yangu alipewa na kampuni alipoletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Ndani tuko wanne. Papa, yaani baba yangu, anaendesha lori, tunamwona akipita. Mama anauza mkaa na mahindi anayoyafuata Mutshatsha. Tantine Béa ni dada mdogo wa Papa, yeye ndiye anapika Mama akisafiri. Wa nne ni mimi. Samaki nimemla tangu sina meno. Ndiyo maana siku ile hakuna aliyemshuku samaki.

Macho yalivimba yakafumba. Mabaka mekundu yakatoka tumboni, mgongoni, mpaka ndani ya masikio, nikawa ninajikuna kwa chanuo. Halafu nikatapika, nikaharisha, nikalala sakafuni kwenye simenti kwa sababu ilikuwa baridi.

"Ni vumbi ya mugodi," Tantine alisema.

"Ni malaria," alisema mtu wa dispansari, bila kunitoboa hata kidole.

Nikanywa dawa ya malaria. Ikapita. Wiki iliyofuata rafiki yangu wa darasani alinigawia mkate wake wenye sardini, na mambo yakaanza tena, safari hii na kifua. Nilikuwa ninavuta hewa kama mtu anayenyonya soda kwa mrija uliokunjika. Tantine akanipeleka kwa mchungaji. Mchungaji aliniwekea mkono kichwani akanisukuma mpaka nikakaa chini, akipiga kelele: "Toka! Toka!" Nikatapika mbele ya viatu vyake. Watu wakashangilia, wakasema kitu kimetoka. Kilichotoka ni sardini. Mimi niliiona.

Mama aliporudi alinitazama tu, hata mzigo hakutua. Akanipeleka hospitali kubwa ya mjini. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ndogo kama yangu, nikampenda kwa hiyo. Aliuliza maswali mengi, aliandika, akasema: "Kuna chakula mwili wako unakikataa, lakini sitaki kubahatisha. Tutoe vyote vinavyotoka kwa mnyama. Nyama, samaki, mayai, maziwa. Ngozi ikitulia, tutarudisha kimoja kimoja, hapa hapa mbele yangu. Si nyumbani. Umesikia, Mama? Si nyumbani." Akaniandikia pia vidonge vya vitamini ambayo haipatikani kwenye majani.

Niseme ukweli, mwanzoni nilifanya vibaya. Nilidhani kutoa nyama ni kubaki na bukari, yaani ugali, na chai. Siku chache tu nikawa ninaona nyota nikisimama. Ndipo Mama akanituma kwa Mama Véro.

Mama Véro anachoma mikate ng'ambo ya barabara yetu, kwenye tanuri aliyoitengeneza kwa pipa la chuma. Ni mwanamke mnene, mwenye kelele, anayejisifu tangu asubuhi. Kanisani kwao wanasali Jumamosi na wengi hawali nyama. Yeye aliwapita wote. Akatoa na mayai, akatoa na maziwa, na mikate yake ya asubuhi inaisha kabla ya saa nne.

"Mutoto ya Mama Charlotte, karibia," aliniita kwa jina la mama yangu. "Bananiambia unakula sawa mimi sasa."

Nilisema ndiyo. Sauti haikutoka.

"Sema kwa nguvu! Haiko zambi! Batoto ya Enternet banaita hii végane. Mi naita akili. Na sasa unakula nini?"

"Bukari. Na chai."

"Yooo! Kutoa nyama haiko kula hewa, binti! Maharagi iko wapi? Soya? Kalanga? Machungwa? Unataka bakuzike, kisha baseme ni mukate yangu?"

Basi kila nikitoka shule nilikuwa napita kwake. Alinifundisha kukanda unga mpaka uachane na vidole wenyewe. Alinifundisha kwamba ndizi iliyoiva mpaka ikaoza kidogo ndiyo inashika keki mahali pa yai, na unga wa mkate wa boga hautaki maji mengi kwa sababu boga lina maji yake. Nikikosea alikuwa anacheka mpaka anashika tanuri, kisha anaungua, kisha ananitukana mimi. Sikuwahi kucheka hivyo nyumbani.

Na mwili ukatulia. Mabaka yalikauka. Nililala bila kujikuna. Kwenye mazoezi ya viungo nilikimbia uwanja mzima, kifua kikanifuata vizuri. Nilikuwa ninasubiri tu siku ya kurudi kwa daktari.

Lakini Mama Véro ana mdomo. Kila mteja aliambiwa. "Unaona huyu mutoto? Nyama haigusi! Samaki haigusi! Mukate yangu tu! Angalia ngozi!" Mimi nikijificha nyuma ya gunia la unga. Shuleni wavulana wa nyuma wakaanza: "Mbeee! Nadège, tukuletee majani?" Hiyo niliivumilia. Mbuzi ni mnyama kama wengine.

Kilichokuja baadaye sikukivumilia, na bado kinaniwaka ninapoandika. Huku kwetu, watu wakitaka kujua mtoto amepewa uchawi wapi, wanauliza alikula nini mkononi mwa nani. Mkate, kalanga, kitu kidogo hivyo. Sasa mimi hapa: msichana asiyesema, amekataa nyama ya baba yake, anakula mkate wa mwanamke wa kanisa lingine. Mtaa ulikuwa na kila kitu ulichohitaji.

"Mutoto anakataa nyama ya mezani," nilimsikia Tantine akimwambia jirani kwenye bomba, "na anaongeza kilo. Anashibia wapi usiku? Na bantu gani?"

Jirani alivuta mtoto wake mdogo akamweka upande wa pili wa ndoo. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na bidoni yangu ya maji.

Nilimwambia Mama. Mama alimwambia Tantine aache. Tantine alisema ameacha. Kisha Mama akapanda gari la Mutshatsha.

Ilikuwa Alhamisi, saa ya chakula cha mchana. Nilitoka shule nikakuta Tantine amepika sombe. Majani ya muhogo yaliyotwangwa vizuri, mafuta ya mawese yanang'aa, bukari imefunikwa.

"Kula, mama," aliniambia. Hakuwahi kuniita hivyo tangu nizaliwe. "Nimetia kalanga tu. Ya kwako wewe."

Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, hicho ndicho kinaniuma kuliko sindano niliyochomwa baadaye. Nilinawa mikono, nikamega, nikachovya, nikameza. Mara ya pili, mara ya tatu. Yeye hakula. Alikaa mbele yangu kwenye kiti cha Papa, mikono kifuani, ananiangalia mdomoni kama watu wanavyoangalia mpira wa penalti.

Viganja vilianza kuwasha. Kisha ulimi ukajaa kinywani. Kisha sauti ikaenda, na safari hii haikuwa aibu.

"Iko nini?" Tantine aliinuka. "Nadège, iko nini? Nilitia ndakala kidogo tu! Nilitwanga, ata haionekane! Kidogo tu!"

Ndakala ni visamaki vidogo vya kukausha. Alivitwanga vikawa unga, akavificha ndani ya sombe. Kama nikila bila kujua na nisipate kitu, basi ugonjwa wangu ni uongo na uchawi wangu ni kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake. Mimi nilipaswa kukaribia kufa ili niwe msafi.

Na sasa sikilizeni: alikuwa na simu mkononi, nyumba ina majirani, barabarani pikipiki zinapita moja baada ya nyingine. Alimpigia mchungaji. Alimpigia mchungaji kwanza! Nilimsikia akisema "Baba, ameanza kuanguka," na upande wa pili sauti ikaanza kuomba kwa nguvu ndani ya simu.

Nilitoka mwenyewe. Nilishika ukuta, nikashika mlango, nikavuka barabara bila kuangalia gari. Mama Véro alikuwa anatoa sinia. Aliniona uso, sinia ikaanguka, mikate ikatawanyika kwenye vumbi.

"Nani alikupa nini?"

Nilimwonyesha koo kwa kidole. Hakuuliza tena. Alisimamisha pikipiki akasimama katikati ya barabara kama ukuta, akanipandisha, akapanda nyuma yangu na unga mpaka kwenye viwiko. Alinibana katikati njia nzima akimtukana dereva: "Endesha! Unaogopa nini, mashimo? Ogopa mimi!"

Hospitali walinichoma sindano pajani, hapo hapo kwenye benchi ya mlangoni, kabla ya karatasi yoyote. Moyo ulipiga kama unataka kutoka. Nikajikojolea, ninasema kwa sababu ni kweli. Kisha koo likafunguka kidogo, nikasikia hewa inaingia, baridi, na ilikuwa na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Sijawahi kunusa kitu kizuri vile.

Tantine alifika baadaye, amefunga kitambaa vibaya, analia.

"Ulitia nini?" daktari alimuuliza.

"Dokta, mi nilitaka tu kujua."

"Sasa unajua."

Daktari alimgeuzia mgongo akanipima kifua.

Mama alirudi kesho yake. Alikaa kitandani miguuni kwangu, akashika vidole vyangu vya miguu kimoja kimoja. Tantine alipoingia na termosi, Mama alisema bila kupandisha sauti: "Béa, mutoto yangu haiko chungu ya kuonja chumvi." Tantine akarudi na termosi yake.

Kabla sijatoka, daktari alinieleza kwamba samaki ndiye adui, sasa hakuna shaka, na nisimguse tena maisha yangu yote. Nyama na mayai tutajaribu mbele yake, kama alivyosema mwanzoni. Nilimwambia kwa sasa sitaki. Nyama sina ugomvi nayo. Ila chungu chochote ambacho sijaona kikioshwa, sikiamini.

Ningeishia hapa kama si Jumapili ya juzi. Mchungaji alimwita "binti aliyefunguliwa" aje kutoa ushuhuda. Nilitazama nyuma nione ni nani. Ni mimi. Akanipa mikrofoni, mkono wake mwingine begani kwangu, na akaanza kusema mwenyewe: namna roho ya kukataa nyama ilivyonishika, namna alivyoniombea kwa simu, namna nilivyoanguka na kuinuka mzima. Watu wakapiga vigelegele. Tantine alikuwa analia mstari wa pili. Mikrofoni iko mkononi mwangu, kanisa zima linaningoja.

Nikasema "Amina." Nikarudi kukaa.

Basi ushuhuda wangu ni huu hapa, nilioanza kuuandika mchana ule ule. Mungu ninamshukuru, simwachi. Ninadhani ndiye aliyemweka Mama Véro ng'ambo ya barabara, na kumpa daktari subira ya kuuliza maswali mengi. Mama yangu ninamshukuru kwa kutotua mzigo. Lakini sikufunguliwa na simu. Nilichomwa sindano pajani, na kilichonifunga kilikuwa kwenye sahani.

Wewe unayesoma, kama chakula kinakuvimbisha, usione aibu kama mimi. Sema, na usiposikika sema tena, nenda kwa mtu anayepima. Ukijaribu kula bila nyama, jifunze kwanza kwa anayejua, usibaki na chai. Na ninyi wenye mtoto nyumbani anayesema "hiki kinaniumiza": msimfichie kwenye mboga. Hata kidogo. Hata kwa upendo. Kama mnamshuku, mumshuku na mkono wenu nje ya chungu.

Jumatatu asubuhi niliamka mapema. Nilichukua sufuria ya sombe, nikaisugua kwa majivu na mchanga mpaka nikaona uso wangu chini. Nikawasha mbabula ya mkaa, nikachemsha chai. Mkate wa boga nilikuwa nimeukanda mwenyewe jana yake kwa Mama Véro, nikauweka mezani. Tantine alitoka chumbani, akakaa kwenye kiti kile kile cha Papa. Nikakata kipande, nikamwekea mbele.

Alikiangalia. Alikigeuza. Hakukileta mdomoni.

"Umetia nini ndani?" aliuliza.

"Unga, boga, levire ya kuumua, sukari, chumvi."

Bado alikuwa anakiangalia. Nikakata changu kutoka mkate ule ule, nikatafuna nikiwa nimemwangalia yeye machoni, si meza. Nikameza. Nikafungua kinywa aone kimekwenda.

"Kula, Tantine," nilimwambia. "Mi ya kwako nilikula."

Nikachukua mfuko wangu wa shule, nikatoka.