Asmini za Amana

Tangu niliporejea Maskati sikuweza kukaa kitako. Katika fleti yetu ya Al Khuwair nilitoka sebuleni hadi dirishani, nikayatazama magari ya watumishi wa wizara yaliyojazana barabarani, nikarudi tena sebuleni. Jikoni alikuwapo mwanamke wa Sri Lanka tuliyemwita Dada. Kwa miaka tisa alikuwa amemhudumia bibi yangu, na Kiswahili chake chote alikipata kinywani mwa Bibi. Alikuwa akingoja nimsimulie safari yangu ya kwao.

Mama yake alifariki mwezi mmoja kabla ya safari yangu, naye hakwenda kumzika. Likizo yake ilikwisha kuahirishwa mara mbili, kwa kuwa Bibi hakutaka mkono mwingine umkogeshe. Aliposikia kwamba nimemaliza chuo na ninakwenda kutembea kwao kwa wiki moja, aliniomba jambo moja tu: nipeleke maua, kwa niaba yake, katika hekalu la kale la Kibuddha alikokuwa akisali mama yake.

"Unakwenda kuyapigia magoti masanamu?" Bibi aliuliza.

"Siendi kuabudu, Bibi. Nimebeba amana."

"Haya, msomi. Nzito hiyo."

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Dada alinieleza nivae nyeupe, nifunike mabega, nivue viatu, nisiipe sanamu mgongo kwa ajili ya picha. "Na maua usiyanuse," alimalizia. "Harufu yake ni ya kutoa. Ukiinusa, ushaichukua wewe." Yote niliyaandika katika daftari.

Siku yenyewe mawe ya ua wa hekalu yalikuwa yamechomwa na jua, nami, miguu mitupu, nilikwenda kwa kurukaruka. Ngazi zilikuwa zimebonyea katikati kwa wingi wa nyayo zilizozipanda kabla yangu. Niliona mgeni mmoja akijipiga picha, sanamu ameigeuzia kisogo. Nikamhukumu moyoni, nikajiona bora. Kisha muuza maua akanikabidhi sahani ya asmini zilizonyunyiziwa maji, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeiinua hadi puani.

Kwetu, mwanamke hapokei asmini asizinuse. Bibi huzifunga katika kikuba akakibandika nguoni, huzitia chini ya mto. Mimi nilijua kuzinusa kabla sijajua kusoma. Mwanamke mzee aliyekuwa nyuma yangu katika foleni aliguna, akatikisa kichwa. Ningeweza kurudi kununua nyingine. Lakini foleni ilisonga, nami niliona haya kupita kinyume cha watu wote wale. Nikaziweka mbele ya sanamu, nikatoka nimeinamisha kichwa. Bila shaka walidhani ni heshima.

Hatimaye niliingia jikoni. Dada alikuwa akichambua mchele.

"Uliyaweka?"

"Niliyaweka. Lakini niliyanusa kwanza, Dada. Nilijua nimeyaharibu, na bado nikayaweka."

"Umekaa sana na Bibi wewe," alisema, akakaribia kucheka. Kisha hakucheka. "Basi hayajafika."

"Nina mwenzangu wa chuo anakwenda huko mwezi ujao. Nitamwomba..."

"Mtu mwingine tena?" Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe katika mchele. "Mdogo wangu, mama yangu alikuwa na mtoto mmoja tu. Mimi."

Nilikwenda chumbani kwa Bibi, nikasimama mlangoni, nikashindwa hata kusimama kwa utulivu.

"Bibi, Dada inafaa aende kwao. Mimi ntakukogesha."

"We? Nguo zako mwenyewe hujui kuzikunja."

"Nifundishe."

"Na ukinimwagia maji ya moto?"

"Utanipigia kelele."

"Kakutuma yeye?"

"Hapana. Alinipa amana, nami nimeiharibu."

Bibi aligeuza uso ukutani. Nilidhani amekataa. "Nna miguu inauma," alisema baadaye, bado akiutazama ukuta. "Maji yawe vuguvugu. Na uanze na miguu."

Asubuhi iliyofuata Dada alisimama mlangoni mwa bafu, mikono ameificha nyuma ili isije ikanisaidia. Bibi alilalamika kabla hata sijamgusa. Nikapima maji kwa kiwiko, nikapiga magoti, nikaanza na miguu.