Ukelele wa "Bomba Kavu"

Siku hizi na mimi nacheka, kwa sababu nimechoka kununa, lakini ieleweke tangu mwanzo kwamba siku ile niliaibika, tena niliaibika mbele ya wakwe, nikiwa nimevaa bukta ya mwanamume na kofia ya nailoni ya kuogea kichwani. Na kinachonikera ni kwamba kila anayesimulia hapa Buhongwa anasimulia kana kwamba mimi ni kichaa niliyejitumbukiza shimoni kwa hiari yangu.

(Sawa, niliingia kwa hiari yangu. Lakini nilikuwa na sababu.)

Mimi napiga gitaa la umeme na naimba roki, ile roki yenyewe ya kelele, ambayo jina lake kwa Kiingereza ni jiwe, na kwa mji uliojaa mawe kama huu wetu sioni kwa nini watu washangae. "Bomba Kavu" niliutunga kwa hasira. Nyumba tuliyopanga iko mlimani, ukipanda jiwe lililo nyuma ya choo unaliona ziwa lile pale, maji mpaka macho yanachoka, halafu unarudi ndani unafungua bomba, linakoroma tu kama mlevi aliyelala. Siku moja maji yakakatika nikiwa nimejipaka sabuni mwili mzima. Nikajifuta povu kwa kanga, nikachukua gitaa, na ubeti wa kwanza ukaja wenyewe.

Kurekodi tulirekodia kwa Deo, mpangaji mwenzangu, ambaye chumba chake cha mbele amekigeuza studio kwa kuziba kuta na magodoro. Gitaa nililipiga mpaka vidole vikachubuka. Kikabaki kitu kimoja, ule ukelele wa mwisho, pale ninapoimba "tunakufaaa" na kuuvuta mpaka pumzi iishe, ambao kila nikiupiga mle ndani magodoro yanaumeza unatoka mfu.

Ikafika Jumamosi. Mtangazaji mmoja alishatuahidi kuupiga wimbo wetu jioni ile, na Jumamosi hiyohiyo mchumba wangu Masanja alikuwa anamleta shangazi yake kutoka Sengerema aje kuniona. Huyu shangazi ndiye aliyemlea, akisema hapana ni hapana, hakuna rufaa. Basi nimepika, nimesuka, gauni la kitenge limepigwa pasi, Masanja anapiga simu anasema wamechelewa kuondoka, na Deo anachungulia mlangoni.

"Kabula, lile tenki la uani liko tupu. Ingia mara moja, piga ukelele, toka. Mle sauti inazunguka kama kanisani."

Nikasema sawa. Neno hilo moja tu, sawa, ndilo lililoniponza.

Tenki lenyewe ni la zege, limechimbiwa chini, lina mdomo mdogo juu, na kwa kuwa maji hayakuwepo lilibaki na tope tu. Nikavua gauni nisilichafue, nikavaa fulana na bukta ya Deo, nikafunika nywele kwa ile kofia, nikashuka kwa ngazi ya mbao. Deo akaniteremshia maiki, akavuta waya mpaka chumbani kwake, akavaa spika za masikioni akajifungia. Nikapiga ukelele. Jamani, ulikuwa mtamu! Ulizunguka kuta zote ukanirudia kifuani, mpaka nikarudia tena, na tena.

Nje, Mama Happy wa nyumba ya jirani alikuwa anapita na ndoo yake akasikia ardhi inalia "tunakufaaa". Hakuuliza. Hakuchungulia. Alitupa ndoo akapiga yowe, na mtaa mzima ukaja.

Nilichoona mimi ni mwanga kupungua, nikatazama juu nikakuta vichwa vimeziba mdomo wa tenki. Nikafurahi, nikidhani wamevutwa na sauti yangu. Wapi! Mwanamume mmoja (namfahamu, ana duka la vifaa vya baiskeli, na sijamsamehe) akanyanyua ngazi akaitoa.

"Rudisha ngazi!" nikafoka.

"Tulia kwanza. Wewe ni mtu au ni nini?"

"Mimi ni Kabula! Narekodi wimbo!"

"Wimbo gani wa kufa?"

Huko juu wengine wanasema nimezama, wengine wanasema nimepagawa, kuna mama akaanza kukemea pepo, na kila nikijieleza sauti yangu inazunguka mle ndani inatoka kama ya pepo kweli. Nikamwita Deo mpaka koo likauma, Deo na masikio yake yaliyozibwa akadhani bado naimba, baadaye alinieleza kwamba alikuwa anatikisa kichwa kwa raha.

Katikati ya zogo hilo ikaingia bajaji. Nikasikia sauti ya mama mtu mzima ikisalimia watu na kuuliza, "Samahanini, Kabula yuko wapi?"

Nadhani walimwonyesha shimo, maana vichwa vikasogea, na kilichojitokeza pale juu ni kilemba kikubwa cha rangi ya zambarau, chini yake uso, na pembeni Masanja wangu, mdomo wazi.

Ningefanya nini? Nimefundishwa adabu. Nikiwa na tope mpaka magotini na kofia ya kuogea, nikapiga goti.

"Shikamoo, shangazi."

Akakishika kilemba kisidondoke.

"Marahaba. Lakini toka humo kwanza!"

Nilitolewa. Shangazi alikula chakula changu, akaondoka bila kugusia habari ya ndoa, na Masanja akamsindikiza bila kunitazama machoni. Nikalala nikijua ndoa imekwisha. Kumbe kulikuwa na kubwa zaidi, maana Deo alikuwa amerekodi kila kitu, na bila kuniuliza aliacha mwishoni mwa wimbo shikamoo yangu na ile marahaba, akaupeleka redioni. Nilipomfuata alisema ati ndiyo ladha ya wimbo. Ladha!

Ukavuma. Bajaji zinaupiga, baa zinaupiga, watoto wanaurudia shuleni. Siku ya tatu simu ikalia, namba ya shangazi, nikapokea nikiwa nimefumba macho.

"Kabula, mwanangu," shangazi akasema, "nimejisikia redioni. Hapa majirani wamejaa. Ila mbona sauti yangu wameiweka mwisho kabisa? Mwambie huyo kijana aisogeze mbele kidogo."

Nikakaa chini. Akaendelea, "Na waambie wazee wako tunakuja kuzungumza mahari. Msichana anayepiga goti kwenye tope hatupati mwingine."

Kwa hiyo nimeolewa, nashukuru, na mume ninaye. Lakini niambieni kama ni haki: wimbo nimeutunga mimi, gitaa nimepiga mimi, vidole vimechubuka vyangu, na nikipanda jukwaani watu wanazungumza, wanakunywa, wanatazama simu, wakisubiri sekunde chache za mwisho wanyanyuke wote wapige kelele, "Marahaba! Lakini toka humo kwanza!" Mwezi uliopita shangazi alikuja kwenye onyesho akapewa maiki. Alishangiliwa kuliko mimi.

Basi nimeapa. Siku nikirekodi tena, hata aje mkwe, hata aje mchungaji, hata aje nani, adabu itasubiri. Sisalimii mtu mpaka niuone mwenyewe ule waya wa maiki umechomolewa.