Mdeki Uliobaki Nyumbani

Mwaka 1966, nikiwa na miaka tisa, gobore lilimpasukia baba yangu mikononi, na dhiki ikaanza. Alikuwa anafukuza nguruwe pori kwenye mahindi yetu, upande wa Handeni. Jioni haikumkuta hai. Bibi akasema kilichomuua ni baruti, na baruti aliitengeneza baba mdogo, na baba mdogo alikuwa akigombea shamba la bondeni na kaka yake. Basi, neno likafungwa hapo. Mimi nikaiacha shule darasa la pili, nikaenda kambi ya mkonge kubeba matita, na mlango wa baba mdogo sikuukanyaga tena.

Nayasema haya ili ujue kwa nini mwaka jana nilipopigiwa simu kutoka Croydon niliikata. Aliyepiga ni mtoto wa huyo baba mdogo. Tumezeekea mji mmoja huu wa London, mimi Stratford, yeye Croydon, na chai ya pamoja hatujanywa. Baba yake keshafariki. Sasa binti yake alikuwa anaposwa, na kwetu posa haipokelewi na baba wa binti, inapokelewa na mkubwa wa ukoo. Mkubwa aliyebaki ni mimi. Nisipokaa kwenye mkeka, wageni watauliza huyu binti hana wakubwa? Nikamtuma binti yangu ampelekee jibu: hapana. Jibu likarudi kwamba wageni wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo, na mkeka utanisubiri.

Sasa sinema. Mimi ni mtu wa kauboi. Kule kambini gari la sinema lilikuwa linakuja, wanatundika shuka jeupe, na sisi watoto wa mkonge tunakaa chini na vidonda vyetu vya miiba kutazama wanaume juu ya farasi. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu asiye na baba naye anaweza kumiliki farasi. Mpaka leo Jumapili mchana nakaa mbele ya televisheni, na sitaki kusumbuliwa.

Anayenisumbua ni mpangaji wangu. Mzungu, mtu mzima, anakaa chumba cha juu. Kazi yake ni kuwaambia watengeneza sinema bunduki ipi ilikuwepo mwaka upi. Ndiyo, kazi hiyo ipo, na analipwa. Ananiita Mzee, neno nililomfundisha mwenyewe. Akikaa na mimi, sinema imeharibika. Bunduki ile, atasema, ilikuwa bado haijaundwa, hadithi hii ni ya miaka ishirini nyuma. Hii nayo hupakiwa risasi kwa nyuma, wameibandika kipande cha bandia ubavuni ionekane ya kale. Yule kapiga bastola ya risasi sita mara nane. Siku moja nikamuuliza, na farasi je, ni wa mwaka wenyewe? Akacheka, lakini hakuacha.

Jumapili ile, bado nina hasira za Croydon, tukawa tunatazama sinema ya wawinda nyati. Jamaa mmoja anakimbiza farasi, mkononi gobore. Akamimina baruti, akatema risasi kutoka mdomoni ikaingia kwenye mtutu, akagonga kitako kwenye tandiko, akapiga. Hakushindilia. Nikasema leo nimewakamata, uongo mtupu, gobore hushindiliwa kwa mdeki. Nikamwonyesha ukutani, juu ya televisheni, unapokaa mdeki wa baba: chuma chembamba, kirefu kuliko mkono wangu. Ndicho kitu pekee nilichorithi. Nilipokuja nao uwanja wa ndege waliniuliza, nikawaambia ni wa kuchomea nyama.

Mpangaji akatikisa kichwa. "Mzee, hicho ulichokiita uongo ndicho kitu pekee cha kweli katika sinema yote hii."

Akanieleza kwamba wawindaji wale walifanya hivyo hasa, kwa kuwa mdeki unachelewesha. Na wengi mtindo huo ukawakata mikono, wengine roho. Risasi isipokaa sawasawa juu ya baruti, moto unajaa pale katikati, mtutu unapasuka.

Nikamwambia, nadhani kwa kujisifu, kwamba baba yangu naye alijua mtindo huo. Alikuwa akigonga kitako cha gobore ardhini, mara mbili tatu, kwa sababu nguruwe hawangoji. Nimemwona kwa macho yangu. Alikuwa mwanamume hodari.

Mpangaji akatazama ukuta. "Siku ile mdeki huu ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Umechomekwa kwenye paa."

Nilipombana kama hilo ndilo lililomuua baba, akasema yeye hawezi kujua: huenda ni baruti, huenda mtutu wenyewe ulikuwa bomba la maji, wahunzi wengi walitumia bomba. Akapanda chumbani kwake akaniacha pale katikati. Mtu anajua hadi skrubu ya mwaka fulani, lakini kilichomuua baba yangu hakijui. Na Bibi ndiye aliyeuchomoa mdeki ule paani akanipa. Aliona nini alipouchomoa? Au hakuona? Sinema niliyoiita ya uongo imesema kweli, na Bibi, ambaye sikuwahi kumshika kwa uongo hata mara moja, sasa sijui nimweke wapi.

Jumamosi nikaufunga mdeki kwenye gazeti, nikapanda treni. Aliyenifungulia mlango amefanana na baba yangu kuliko mimi. Hilo nalo likanichanganya. Binti akanipa shikamoo baba mkubwa, vizuri kabisa, mengine yote Kiingereza. Nikaweka chuma mbele ya ndugu yangu, nikamweleza ninachojua na nisichojua.

Akaushika muda mrefu. "Kaka, baba amekufa akiamini ni yeye," akasema. "Tangu siku ile hakugusa baruti. Zikipigwa fataki za sikukuu alikuwa anaondoka mjini."

"Na wewe?"

"Na mimi nimeamini hivyohivyo. Ningekuita kabla ya posa hii kwa uso gani?"

Basi kumbe sote tulikuwa na hadithi moja, ya Bibi. Akaniuliza, kwa hiyo ni nani? Nikamwambia sijui. Mpaka leo sijui. Nikamwambia alete mkeka.

Wageni walipokuja nilikuwa nimekaa. Mshenga wao akauliza kile chuma cha nini, nikamwambia ni cha kumpimia bwana harusi. Wakacheka. Posa nikaipokea.

Leo nina nyumba ya ghorofa moja Stratford, na mpangaji mmoja. Nina magari mawili ya kuhamisha vyombo, jina langu ubavuni. Nina nyumba ya matofali Handeni. Nina nusu ya shamba la bondeni, nusu nyingine ni ya ndugu yangu. Nina televisheni kubwa. Nina mdeki mmoja wa chuma. Uko Croydon, ukutani kwake, lakini ni wangu.